Tunapompumzisha mama, tusimkalishe

Katika familia nyingi ninazozifahamu hapa Tabora, mama anapovuka miaka 60, watoto hukaa kikao na kukubaliana kwamba sasa apumzike. Hutafutiwa binti wa kumsaidia kazi, jiko la gesi huingia jikoni, shamba lililoko Uyui hukodishwa au huachiwa mdogo wake, maji huvutwa mpaka uani, na kila mwisho wa mwezi yule anayefanya kazi Mwanza au Dar es Salaam hutuma fedha kwa simu ili mama ale vizuri. Kula vizuri, kwa maana tuliyoizoea, ni sembe nyeupe iliyokobolewa, wali, chapati, nyama kila siku inapowezekana, na soda iliyonunuliwa kwa ajili ya wageni ambayo mama naye hushiriki. Sina shaka hata kidogo kwamba yote haya hufanywa kwa upendo. Hata hivyo, mapumziko ya namna hii humwondolea mama, kwa pamoja, karibu kila jambo ambalo utafiti umeonyesha kwamba hupunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana, na humwondolea mambo hayo katika umri ule ule ambao hatari yenyewe inapanda.

Saratani ya utumbo mpana na puru, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo kabla ya njia ya haja kubwa, si ugonjwa wa Wazungu peke yao, ingawa wengi wetu tumekua tukiamini hivyo. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani na lina makao yake Lyon, Ufaransa, mwaka 2022 watu zaidi ya milioni 1.9 duniani waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu na takriban 900,000 walifariki kwa sababu yake. Ni ya tatu kwa wingi wa wagonjwa na ya pili kwa wingi wa vifo miongoni mwa saratani zote. Kwa wanawake wa Tanzania, saratani ya mlango wa kizazi na ya matiti ndizo zinazoongoza, na ni haki zizungumzwe zaidi. Lakini rejista ya saratani ya Kampala, iliyoanzishwa miaka ya 1950 na iliyo miongoni mwa kongwe barani Afrika, imeonyesha kwamba saratani ya utumbo mpana imekuwa ikiongezeka kwa majirani zetu, na maisha ya mjini Kampala hayana tofauti kubwa na yale tunayoyafuata sisi.

Ugonjwa huu kwa kawaida huanza kama kijinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo, ambacho madaktari hukiita polipu. Vinyama vingi vya aina hii havigeuki kuwa saratani, na vile vinavyogeuka huchukua muda mrefu, mara nyingi miaka 10 hivi au zaidi. Kwa hiyo mwanamke anayeugua akiwa na miaka 68 huenda safari yake ilianza akiwa na miaka 50 na kitu, wakati bado anabeba ndoo kichwani na kujiona mzima wa afya. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wote wako juu ya miaka 50, na ndiyo maana nawaandikia hasa wenye mama, shangazi na bibi wa umri huo, na wanawake wenzangu tunaoukaribia.

Nianze na chungu, kwa sababu hapo ndipo tulipokuwa matajiri bila kujua. Chakula cha Mnyamwezi wa kizazi cha bibi zetu kilikuwa ugali wa mtama au wa dona, mlenda, kunde, maharage, karanga, viazi vitamu, na wakati wa kiangazi matobolwa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Kilikuwepo pia nsansa, majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa juani mpaka yakawa meusi na kukunjamana, kisha yakahifadhiwa kusubiri miezi ambayo bustani imekauka. Anayejua kuipika nsansa huiloweka kwanza, huiosha mchanga mara kadhaa mpaka maji yatoke safi, huichemsha taratibu mpaka jani lilegee kabisa, ndipo humimina karanga zilizotwangwa na kuacha chungu kichemke juu ya moto mdogo mpaka mafuta ya karanga yaanze kuonekana juu. Ni mboga ya gharama ndogo sana, na sahani moja ya mboga hiyo pamoja na ugali wa dona ina nyuzinyuzi nyingi kuliko mlo mzima wa wali kwa kuku wa kukaanga.

Nyuzinyuzi hizo ndizo kiini cha jambo. Ni ile sehemu ya mmea ambayo tumbo letu na utumbo mwembamba haviwezi kuimeng'enya, hivyo hufika katika utumbo mpana ikiwa bado nzima, na huko hukutana na bakteria wanaoila na kutoa asidi nyepesi za mafuta, mojawapo ikiitwa butireti, ambayo seli za ukuta wa utumbo huitumia kama chakula chao na ambayo hupunguza uchochezi, yaani hali ya ukuta huo kuwaka na kuvimba, unaoweza kuziharibu. Pamoja na hilo, choo huwa kingi na laini na hupita haraka, kwa hiyo vitu vyenye madhara havikai muda mrefu vikigusana na ukuta huo. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, ndiye aliyeisambaza sana hoja hii kuanzia mwaka 1971, baada ya kutafakari kwa nini wagonjwa wake wa vijijini hawakuwa na maradhi ya utumbo yaliyojaa katika hospitali za Uingereza.

Utafiti unaonigusa zaidi, hata hivyo, ni ule uliochapishwa mwaka 2015. Watafiti walichukua Wamarekani Weusi 20 wa mji wa Pittsburgh na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini, wote wakiwa na umri kati ya miaka 50 na 65, wakawabadilishia vyakula kwa wiki mbili: Wamarekani wakapewa chakula cha kijijini chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo, na wanakijiji wakapewa nyama na mafuta kwa mtindo wa Kimarekani. Kabla ya kuanza, karibu nusu ya Wamarekani walikutwa na polipu, ilhali wanakijiji hawakuwa nazo. Baada ya wiki mbili tu, dalili za uchochezi katika utumbo wa Wamarekani zilikuwa zimepungua na butireti imeongezeka, na kwa wanakijiji wa Afrika Kusini mambo yakawa kinyume chake. Wiki mbili hazitoshi kumpa mtu saratani wala kumwondolea, na watafiti hawakudai hivyo. Lakini zilitosha kuonyesha kwamba mazingira ya utumbo wa mtu wa miaka 60 bado yanabadilika upesi kwa kufuata sahani yake, kwa wema na kwa ubaya.

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2023 linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka katika vyakula vya asili, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kati ya gramu 11 na 15, kwa hiyo lengo hilo linafikika kwa mama wa Tabora bila kununua kitu chochote cha kopo. Kinachotuharibia ni mashine ya kukoboa. Mahindi yakishakobolewa, pumba na kiini huenda kwa kuku na nguruwe, na mama yetu anabaki na wanga mweupe.

Najua jibu ambalo wengi watanipa: mama hana meno, mama anasema dona inamkwaruza, mama anaona ugali wa mtama ni chakula cha njaa. Hoja ya meno ni ya kweli na inahitaji mpishi mwenye subira. Maharage yakilowekwa usiku kucha na kupikwa mpaka yapondeke kwa mwiko hayahitaji meno. Mlenda hauhitaji meno, wala papai, wala uji wa ulezi, wala embe bivu ambalo msimu wake katika mji huu hutukuta tukilikanyaga njiani. Aliyezoea sembe kwa miaka mingi asibadilishiwe ghafla, kwa sababu tumbo litajaa gesi naye atakataa kabisa. Aanze kwa kuchanganya dona kidogo na sembe, na anywe maji ya kutosha, kwani nyuzinyuzi bila maji huleta ugumu wa choo badala ya kuuondoa. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu yatupwe bila huruma. Sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, huleta saratani ya ini, na haina maana kuulinda utumbo kwa kuliumiza ini.

Kuhusu nyama, sitaki kumnyima mtu yeyote kitoweo chake, hasa bibi ambaye kwa maisha yake yote aliiona nyama siku za sikukuu tu. Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani unashauri nyama nyekundu, yaani ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki baada ya kupikwa. Soseji na nyama nyingine za kusindikwa ni jambo jingine: mwaka 2015 IARC iliziweka katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani, ikieleza kwamba gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Asilimia hiyo ni nyongeza juu ya hatari ndogo ambayo mtu alikuwa nayo tangu awali, kwa hiyo si hukumu kwa aliyekula soseji moja harusini. Lakini kumjazia mama friji soseji kwa sababu ni laini na hazimsumbui kutafuna ni upendo uliokosea njia.

Utafiti mkubwa zaidi ninaoufahamu juu ya jambo hili kwa wanawake wa umri mkubwa ni wa Chuo Kikuu cha Oxford, uliochapishwa Januari 2025. Uliwafuatilia wanawake 542,778 wa Uingereza kwa wastani wa zaidi ya miaka 16, na katika muda huo 12,251 kati yao walipata saratani hiyo. Kati ya vyakula na virutubisho 97 vilivyochunguzwa, viwili vilijitokeza kuliko vingine. Pombe ilipandisha hatari: gramu 20 za kilevi kwa siku, ambazo ni sawa na glasi kubwa ya mvinyo, ziliambatana na ongezeko la asilimia 15. Madini ya kalsiamu yakaishusha: kila miligramu 300 za ziada kwa siku, ambazo hupatikana katika glasi moja kubwa ya maziwa, ziliambatana na hatari iliyopungua kwa asilimia 17. Nyama nyekundu na ya kusindikwa, kwa kila gramu 30 kwa siku, iliambatana na ongezeko la asilimia 8.

Niliposoma habari ya kalsiamu nilifurahi, kwa sababu mkoa wetu una wafugaji wa Igunga na Nzega wenye maziwa ya mgando mazuri kabisa, na dagaa wa Kigoma hutufikia kwa reli wakiwa wakavu, nao huliwa na mifupa yao, ambako ndiko kalsiamu iliko. Mama asiyepatana na maziwa mabichi mara nyingi hupatana na mgando. Ila ifahamike kwamba habari hii ni ya chakula. Nchini Marekani wanawake 36,282 waliokoma hedhi waliwahi kugawanywa, wengine wakapewa vidonge vya kalsiamu na vitamini D na wengine vidonge visivyo na dawa, na baada ya miaka 7 hapakuwa na tofauti ya saratani ya utumbo mpana kati ya makundi hayo mawili. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2006. Mwaka huo huo yalitoka pia matokeo ya wanawake 48,835 wa umri wa miaka 50 hadi 79, ambapo kundi moja lilifundishwa kupunguza mafuta na kuongeza mboga, matunda na nafaka. Baada ya miaka 8 hivi, saratani hii haikuwa imepungua katika kundi hilo. Ninayaleta haya kwa makusudi, kwa sababu kuna watu wanaouza unga wa majani na vidonge kwa akina mama wetu wakiwaahidi kinga ya saratani. Ugonjwa unaojengeka kwa miaka 10 au 20 hauzuiliwi kwa kopo la miezi mitatu, na hata mabadiliko mazuri yakianza uzeeni hayafuti yote yaliyotangulia.

Mwili unaotembea nao una neno lake. Ushahidi kwamba mazoezi hupunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana ni miongoni mwa ushahidi imara kabisa tulio nao, sambamba na ushahidi kwamba unene, hasa wa tumboni, huiongeza. Baada ya kukoma hedhi mafuta ya mwanamke huhama kutoka mapajani na kujikusanya tumboni, homoni ya insulini hupanda katika damu, na kisukari cha ukubwani, ambacho nacho huambatana na hatari kubwa zaidi ya saratani hii, hupata nafasi. Sasa mchukue mwanamke huyo, ambaye kwa miaka 40 alitembea kwenda shamba na sokoni, umweke kwenye kiti cha plastiki barazani kuanzia asubuhi mpaka jioni, na bodaboda imfuate mlangoni hata anapokwenda msibani mtaa wa pili. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye umri wa miaka 65 na zaidi wafanye angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kusawazisha mwili ili wasianguke. Hazihitaji uwanja wala viatu vya bei. Bustani ya mchicha na matembele nyuma ya nyumba, kufagia uwanja wake mwenyewe kama anapenda, kwenda kanisani au msikitini kwa miguu kabla jua halijawa kali, vinatosha kufikia na kupita hesabu hiyo. Apunguziwe kubeba mizigo mizito inayomuumiza mgongo, lakini asinyang'anywe kutembea.

Tumbaku siwezi kuiruka nikiwa nimekaa katika mkoa unaoilima kuliko mingine. Sigara imethibitishwa kusababisha saratani ya utumbo mpana, na wako bibi zetu wanaovuta kiko au kunusa na kuweka ugoro mdomoni. Tumbaku isiyo ya moshi huleta saratani ya kinywa, ya umio na ya kongosho. Wanzuki na gongo vihesabiwe katika pombe kama bia inavyohesabiwa.

Pamoja na yote hayo, mama yangu mkubwa, aliyeishi Urambo, alikula dona na nsansa maisha yake yote, alikuwa mwembamba, hakuvuta wala hakunywa, na ugonjwa ukampata. Alianza kwa kuchoka. Alikuwa akitoka kisimani anapumzika njiani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na sote tukasema ni uzee. Alipimwa malaria, akapewa dawa. Alipimwa wingi wa damu, ikaonekana iko chini, akapewa vidonge vya madini chuma. Damu ikapanda, vidonge vilipoisha ikashuka tena. Mzunguko huo ulirudiwa katika zahanati tofauti mpaka daktari mmoja kijana alipomuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: Mama, wewe ulishakoma hedhi siku nyingi, sasa damu yako inapotea wapi? Choo kilipopimwa kilikutwa na damu isiyoonekana kwa macho, na baadaye kamera ikaonyesha uvimbe upande wa kulia wa utumbo mpana. Alipasuliwa Mwanza, na akaishi miaka mingi baada ya hapo.

Swali la yule daktari ningependa kila mwenye mama alihifadhi. Upande wa kulia wa utumbo mpana ni mpana na choo chake bado ni majimaji, hivyo uvimbe hukua bila kuziba na damu huchanganyika bila kuonekana. Na wanawake, hasa wa umri mkubwa, hupata uvimbe wa upande huo kwa kiwango kikubwa kuliko wanaume. Upungufu wa damu kwa mwanamke aliyekoma hedhi unaweza kuletwa na minyoo ya safura, vidonda vya tumbo au lishe duni, na hayo yote ni ya kawaida kwetu, lakini kumpa vidonge bila kutafuta chanzo si matibabu. Vivyo hivyo, damu inayoonekana chooni isiitwe bawasiri kabla daktari hajamchunguza, na mabadiliko ya choo yanayodumu kwa wiki kadhaa, choo chembamba kuliko kawaida, maumivu ya tumbo yasiyoisha au kukonda bila sababu, yote yapelekwe hospitali. Kutoka Tabora wagonjwa huanzia mara nyingi hospitali ya mkoa ya Kitete, na wanaohitaji huduma zaidi hupelekwa hospitali ya Bugando huko Mwanza au Dar es Salaam, Muhimbili na Ocean Road. Kwa takwimu za Marekani, ugonjwa ukigunduliwa ukiwa bado umebaki ndani ya utumbo, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ukishasambaa mbali, hawafiki 2 kati ya 10.

Kikwazo kikubwa, kwa jinsi ninavyoona, ni aibu. Mama anaweza kuona damu kwa mwaka mzima asimwambie mwanawe wa kiume, wala mkwe wake. Anayefaa kumuuliza ni binti yake, au wifi anayetaniana naye, wakiwa wawili peke yao, kwa maneno ya wazi na ya heshima. Na aliyegundulika asifichwe jina la ugonjwa wake, wala watoto wasifichwe, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kutembea katika ukoo: miongozo ya Marekani inashauri mtu ambaye mzazi wake au ndugu yake wa damu aligunduliwa kabla ya kufikisha miaka 60 aanze kuchunguzwa akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ule ambao ndugu yake aligunduliwa, kwa kufuata kinachotangulia. Kwa hiyo familia iandike jina kamili la ugonjwa, sehemu ya utumbo ulipoonekana na umri wa mama wakati ule, na itunze nakala ya majibu ya maabara mahali ambapo hata wajukuu watayapata.